Mkokoteni Katika Jaruba la Nyanjige

Nyanjige aliamka mapema kama kawaida yake. Alifagia uwanja, akabandika uji, akawafungulia kuku. Kisha akachukua jembe akaenda kutazama mpunga.

Hiyo ilikuwa kazi yake ya kila asubuhi wakati wa mvua. Mpunga wa majaruba, yale mashamba madogo yenye kingo za kuzuia maji, haupandwi ukaachwa. Panya hutoboa kingo. Ng'ombe hukanyaga kingo. Tundu la kidole likiachwa usiku kucha, asubuhi maji yote yamehamia kwa jirani, nawe umebaki na matope.

Nyanjige na mumewe Mhoja walikaa Mwagasonga, pembezoni mwa mji wa Bariadi, kando ya barabara ya kwenda Nkololo. Zamani hapo palikuwa mashamba na malisho tu. Halafu serikali ikaruhusu wafanyabiashara binafsi kununua pamba. Pesa zikaanza kuzunguka. Watu wakanunua viwanja. Nyumba za matofali ya kuchoma zikaota kila upande. Malori yakawa yanapita kutwa kwenda mtoni kuchukua mchanga wa kujengea.

"Tulilala shambani, tukaamka mjini," Mhoja alipenda kusema, na kila mara alicheka mwenyewe.

Pamba ilikuwa ya Mhoja. Mpunga ulikuwa wa Nyanjige. Alikuwa na majaruba matatu aliyoachiwa na mama mkwe wake. Mwaka uliopita mvua ilinyesha kwa fujo, kisha ikakatika mapema, na mahindi yakakauka. Katika kihenge ilibaki michembe tu, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inautegemea mpunga ule. Ukifa, hakuna chakula kingine cha kuvuna.

Asubuhi hiyo, kabla hajafika, Nyanjige alisikia mtu anapiga mluzi na kufoka. Sauti ilitoka shambani kwake. Akaanza kukimbia.

Katikati ya jaruba la kwanza palikuwa na mkokoteni umejaa kuni. Magurudumu yalikuwa yamezama. Ng'ombe wanne waliokuwa wakiuvuta walisimama ndani ya mpunga, wakila. Ukingo ulikuwa umekatwa pande mbili, na maji yalikuwa yanatoka kwa kelele.

"Mabula!" Nyanjige alipiga ukelele. "Una wazimu?"

"Mwangaluka, shemeji," Mabula alijibu kwa upole.

"Usinisalimie! Toa ng'ombe wako kwenye mpunga wangu!"

"Wangekuwa wanatoka, shemeji, ungenikuta hapa?"

Mabula alikuwa mdogo wake Mhoja. Yeye na shemeji yake walizoea kutaniana. Siku nyingine Nyanjige angecheka. Siku hiyo hakucheka.

"Barabara ile pale," alisema. "Huioni? Macho umemwachia mkeo?"

"Naiona. Na mti wa mumeo ninauona. Ndiyo maana niko huku."

"Mti gani?"

"Kile kizuizi. Nikifika pale wananihesabia ng'ombe mmoja, fungu moja la ushuru. Wa pili, fungu. Wa tatu, fungu. Wa nne, fungu. Halafu mkokoteni wenyewe, fungu jingine. Mafungu matano kwenda tu! Kuni nilizobeba ni za miti gani, za dhahabu?"

"Na malori yanalipa mangapi?"

"Lori ni moja, shemeji. Linalipa fungu moja."

"Kwa hiyo ukaona bora upite kwangu."

"Si mimi peke yangu. Geuka utazame."

Nyanjige akageuka. Nyasi za upande wa juu zilikuwa zimelala. Alama za magurudumu zilipishana hapo, za zamani na za leo. Njia mpya ilikuwa inazaliwa, na ilikuwa inaelekea moja kwa moja kwenye majaruba yake.

Alimkabidhi Mabula jembe lake. "Ziba. Ukingo wote. Kuni zitauzwa mchana."

Mabula aliziba bila kubisha. Lakini maji yaliyokwisha kutoka hayakurudi.

Mchana Mhoja alirudi nyumbani na njaa yake. Alinawa, akaketi kwenye kigoda. Nyanjige akamletea ugali wa unga wa kununua, na sahani ya mboga iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Mhoja akafunua. Ndani mlikuwa na miche ya mpunga iliyovunjika, imejaa matope.

"Hii ni nini?"

"Mboga."

"Nyanjige, mimi nina njaa."

"Hata mimi nitakuwa nayo, mwezi wa sita. Hiyo ndiyo mboga tutakayokula kama kizuizi chenu kitaendelea hivyo."

Akamweleza yote. Mhoja alisikiliza huku akiangalia ile miche. Kizuizi kile kilikuwa fahari yake, na sababu alikuwa nayo.

Mwaka uliopita mvua iliikata barabara ya Mwagasonga. Malori yalizama, baiskeli zilibebwa begani. Wananchi walichoka kungoja greda. Wakatoka na majembe, wakafukia mashimo. Halmashauri ikawapa kibali cha kuweka kizuizi na kukusanya ushuru wa matengenezo. Vijana wa sungusungu, wale walinzi wa jadi, wakapewa zamu ya kukilinda.

Katika kikao, Ngeleja, mwenyekiti wao, aliuliza, "Sasa tutatoza vipi?"

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na liliingia kwa heshima zote. Mhoja alisimama akasema, "Jambo jepesi hilo. Tufanye kama mnadani. Kila kichwa kina ushuru wake." Watu wote walikuwa wafugaji. Wote walikwishalipa ushuru wa mnada tangu ujana wao. Walipiga makofi.

"Kama tusingeweka kizuizi, barabara ingekufa," Mhoja alimwambia mkewe sasa.

"Na kwa kuwa mmekiweka, mpunga unakufa."

"Nitafunga njia ile kwa miiba. Leo hii."

Kweli, jioni ile alikata miiba, akaiburuta, akazungushia jaruba la kwanza. Ilikuwa kazi nzuri, hata sungura asingepita. Kesho yake mikokoteni ikapita kwenye jaruba la pili.

Nyanjige alisimama akaitazama ile miiba ya mumewe, imesimama vizuri mahali ambapo hapana mtu anayepita tena. Alifuta miguu matope akaenda kwa jirani yake Eufrasia.

Eufrasia alikuwa fundi sanifu wa barabara, mtumishi wa wilaya. Alikuwa amenunua kiwanja nyuma ya boma la Mhoja na alikuwa anajenga. Kila asubuhi alinunua maziwa kwa Nyanjige. Alikutwa anamwagia maji matofali ya ukuta wake mpya.

"Karibu, mama. Leo maziwa yamekuja yenyewe?"

"Maziwa hayapo. Nimekuja na shida. Wewe ni mtu wa barabara. Waambie waling'oe lile limti lao."

Eufrasia akaweka ndoo chini. "Mti umekukosea nini?"

Nyanjige akaeleza tena. Safari hii alikuwa amehesabu majaruba yaliyobaki, na lilikuwa limebaki moja.

"Pole sana, mama," Eufrasia alisema. "Lakini ngoja. Tukiung'oa, barabara itatengenezwa na nani? Greda ni moja wilaya nzima. Mvua ikiikata tena, hata wewe hutafika sokoni."

"Kwa hiyo uko upande wa Mhoja?"

"Hapana. Ushuru wa barabara una faida, na una hasara. Hasara zake zote mmezipata. Faida bado hamjaipata. Mwambie mwenyekiti aitishe kikao, na kikao kiwe palepale kwenye kizuizi. Mimi nitakuja na debe la maji."

"La kunywa?"

"La kumwaga."

Siku ya kikao watu walijaa pande zote mbili za barabara. Mabula alikuja na mkokoteni wake, akausimamisha mbali na mpunga kwa namna ya kujionyesha. Lori moja la mchanga lilikuwa limetoka mtoni, likakuta barabara imejaa watu. Dereva wake aliitwa Marcelo. Alizima injini akashuka, kofia imepinda.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Kuna kikao," Ngeleja alimjibu. "Kaa nasi. Wewe pia unahusika."

Ngeleja alifungua kikao. Alisema kuna wanaotaka mti ung'olewe na kuna wanaotaka ubaki. Akawaomba wazungumze kwa zamu. Hakuna aliyesubiri zamu.

"Ung'olewe!" alisema Mabula. "Mimi na ng'ombe wangu tunalipa kama abiria wa basi!"

"Ubaki!" alisema Mhoja. "Watu hawataki kulipa, wanataka kupita tu."

"Mimi nauliza kitu kimoja," alisema Milembe, bibi mwenye kitalu cha miche ya mpunga na kibanda cha chai karibu na kizuizi. "Huo ushuru mnaokusanya umefanya nini? Mimi napita hapa kila siku. Sijaona hata jiwe jipya."

Watu wakaguna. Wote wakamtazama mwenyekiti.

"Pesa ipo," Ngeleja alisema. "Haijaliwa. Lakini haijafikia hata kukodi lori moja la moramu. Mikokoteni inakwepa, malori yanalipa kidogo."

Moramu ni udongo wa changarawe. Ukishindiliwa barabarani, unashika na kuwa mgumu. Moramu nzuri ilikuwapo kilimani, upande wa mjini, lakini mlima hauji wenyewe.

"Unasema ipo," Milembe alisema. "Mimi nasema siioni. Kitu nisichokiona nitakilipiaje kwa furaha?"

Ndipo Eufrasia akapiga hatua mbele.

"Mwenyekiti, naomba tufanye jaribio. Mabula, pitisha mkokoteni wako hapa, mahali palipo laini."

Mabula akapitisha. Ng'ombe wakatembea taratibu, magurudumu yakafuata.

"Sasa kaka Marcelo, naomba lori."

Marcelo akapanda, akawasha. Lori lilikuwa limejaa mchanga hadi juu. Lilipopita, waliosimama kando walisikia ardhi inatikisika miguuni.

"Njooni mtazame," Eufrasia alisema.

Mahali pa mkokoteni palikuwa na alama za kwato, na mistari miwili myembamba. Mahali pa lori palikuwa na mifereji miwili. Mtoto alitia mguu ndani, ukazama hadi kwenye kifundo.

"Haya, nani anaila barabara?"

"Lakini ng'ombe ni wanne," Mhoja alisema.

Watu wakaangua kicheko. Mhoja mwenyewe akatabasamu, maana alijisikia anavyosema.

"Mzee wangu," Eufrasia alisema kwa heshima, "mnadani ng'ombe analipiwa kwa kichwa kwa sababu ni yeye anayeuzwa. Hapa hauzwi mtu wala mnyama. Hapa tunalipia kuichosha barabara. Anayeichosha sana alipe sana. Anayeichosha kidogo alipe kidogo, au asilipe. Mkimtoza mnyonge zaidi kuliko mwenye lori, mnyonge atatafuta njia nyingine. Na njia nyingine hapa ni jaruba la mama huyu."

"Sasa mmenigeukia mimi!" Marcelo alisema. "Haya, nipandishieni ushuru. Na mimi nitapandisha bei ya mchanga. Wewe fundi, si unajenga kwa mchanga wangu?"

Watu wakacheka tena, wakamgeukia Eufrasia.

"Ni kweli," alisema. "Hiyo nayo ni hasara ya ushuru. Mwenye lori akitozwa, mjenzi anagawana naye mzigo. Mimi nitalipa zaidi kidogo. Na ni haki, kwa sababu nyumba yangu inaichosha barabara hii kuliko kuni za Mabula. Lakini nikuulize, kaka. Mvua zilizopita umevunja springi mara ngapi?"

Marcelo akakuna shingo. "Usinikumbushe."

"Na siku ulizokaa umekwama, nani alikulipa?"

"Dada, nimesema usinikumbushe."

Eufrasia akanyanyua debe. Akamwaga maji katikati ya barabara, polepole. Watu wakangoja. Maji yakatanda, yakatulia. Hayakwenda kulia wala kushoto. Pembeni, pande zote mbili, palikuwa na matuta madogo ya udongo yaliyojengwa vizuri, yamenyooka kama uzi.

"Haya matuta ni ya nani?"

"Yetu," Ngeleja alisema. "Tulipoitengeneza barabara, tuliisawazisha, tukaweka matuta pembeni ili udongo usichukuliwe na maji."

Nyanjige alikuwa amechuchumaa karibu na yale maji. Aliyatazama. Akatazama matuta. Mara akaanza kucheka, kicheko kile cha kushika mbavu.

"Akina mama wa Mwagasonga wote, njooni mtazame!" aliwaita wanawake wenzake. "Hawa wametulimia jaruba! Imesawazishwa, ina kingo, imetunza maji. Imebaki kupanda tu!"

Wanawake wakasogea. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kucheka. Kila aliyelima mpunga aliona jambo lilelile.

"Barabara mmeifanya jaruba," Nyanjige alisema, sasa akimtazama mumewe. "Halafu jaruba langu mmelifanya barabara."

Mhoja alivua kofia akajipepea.

"Mama amemaliza somo langu," Eufrasia alisema. "Lori huchimba, lakini anayeua barabara ni maji. Maji yakikaa, udongo unalainika, lori linazama. Mpunga unataka maji yakae. Barabara inataka maji yaondoke. Katikati pawe juu, kama mgongo. Pembeni pawe na mtaro. Maji yakidondoka tu, yateremke."

"Miaka yote nazuia maji," Nyanjige alisema. "Kuyaachia ni kazi gani? Nipeni wanawake kumi tu."

"Na moramu?" Ngeleja aliuliza. "Bila moramu huo mgongo utadumu? Pesa, nimesema, haitoshi hata tripu moja."

"Tripu moja ya moramu?" Marcelo alisema. "Tripu moja inawashinda? Mimi kila siku naenda mtoni lori tupu!"

Watu wote wakamgeukia.

"Rudia hapo," Eufrasia alisema.

Marcelo akatambua alilolisema. "Aa, jamani. Mdomo wangu huu."

"Unatoka mjini lori tupu," Ngeleja alisema polepole, akinyoosha kidole upande wa kilima. "Unapita pale kilimani. Unakuja hapa tupu. Unakwenda mtoni tupu."

"Ndiyo, lakini…"

"Basi ushuru wako si pesa. Ushuru wako ni moramu. Unamwaga hapa tunapokuonyesha, unaendelea na safari yako ya mchanga."

"Kila siku?"

Wakabishana. Marcelo alitaka mara moja kwa mwezi, Mabula alitaka kila safari. Mwishowe wakakubaliana: kila lori lilete tripu moja kwa juma, na hapo lipite juma zima bila kutozwa. Vijana wa sungusungu wangepakia kule kilimani, ili dereva asichelewe.

"Hiyo moramu nitaiona?" Milembe aliuliza.

"Utaikanyaga, bibi," Ngeleja alijibu.

"Basi mimi sina neno."

Yalibaki mambo ya mikokoteni. Walikubali isilipe, lakini wenye mikokoteni watoke siku ya kazi, wabebe moramu kuipeleka penye mashimo ya mbali. Eufrasia akaongeza lake.

"Mti nao upewe kazi nyingine. Mvua kubwa ikinyesha, ushushwe. Lori lisubiri mpaka barabara ikauke. Lori moja kwenye matope linaharibu kazi ya mwezi mzima."

"Mimi nisubiri tu?" Marcelo alilalamika.

"Usubiri, unywe chai kwa Milembe."

"Na mgonjwa?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa na ujauzito mkubwa. "Mimi nikishikwa na uchungu nitasubiri barabara ikauke?"

"Hapana!" Ngeleja alisema kwa sauti ili walinzi wote wasikie. "Mgonjwa, mja mzito, msiba, mti unainuka. Hakuna maswali. Atakayemsimamisha atajibu mbele ya mkutano."

Eufrasia akawaonya jambo la mwisho. Kibali chao kilikuwa cha ushuru wa zamani. Mpango mpya haukuweza kuanza hivihivi, kwa sababu barabara ni ya umma, na mtu hawezi kujiwekea mti akatoza apendavyo. Yeye na Ngeleja wakaupeleka mpango halmashauri. Ulikubaliwa, kwa sharti kwamba greda likija kuitengeneza barabara ile sawasawa, kizuizi kiangaliwe upya.

Siku ya kazi ilipofika, Nyanjige ndiye aliyesimama mbele. Wanawake walivunja matuta ya pembeni na udongo wake wakautupa katikati. Wanaume walichimba mitaro. Mikokoteni ilisambaza moramu, na ng'ombe walewale wa Mabula wakapitishwa juu yake, mbele na nyuma, kuishindilia kwa kwato.

"Unaona sasa faida ya vichwa vinne?" Mabula alimwambia kaka yake.

"Chapa kazi," Mhoja alisema.

Mhoja alikuwa anachimba mtaro wa upande wa chini. Alipofika karibu na shamba la mkewe alisimama. Akaegemea jembe, akatazama mteremko.

"Nyanjige!" aliita. "Njoo. Haya maji ya barabara yakifika hapa, tuyapeleke wapi?"

Nyanjige akaja. Akasimama kando yake. Wote wawili walikuwa wanatazama mahali pamoja.

"Unaniuliza, na jibu unalijua," alisema.

"Nalijua. Nataka ulitoe wewe. Majaruba ni yako."

Nyanjige akachora mstari kwa kisigino, kutoka kwenye mtaro hadi kwenye jaruba la kwanza. Eufrasia alikuja akaangalia. Akawaambia wapange mawe mdomoni mwa mfereji, ili maji yasije kwa nguvu yakachimba, na waweke mahali pa kuyafunga yakizidi. Mhoja akachimba. Mabula naye akaja na jembe bila kuitwa, maana deni lake alilijua.

Milembe alitoa miche iliyobaki kwenye kitalu chake. Nyanjige, Mabula na mkewe Mabula wakaziba mapengo yote katika majaruba mawili yaliyokanyagwa.

"Panda kwa mstari, shemeji," Nyanjige alisema. "Na hiyo miguu, jamani! Mkokoteni ulikuwa na nafuu."

"Huo mkokoteni nao ulikuwa na shemeji mkali namna hii?"

Siku hiyo Nyanjige alicheka.

Mvua kubwa ilikuja juma lililofuata, ikanyesha tangu asubuhi. Watu walitoka na magunia kichwani kuitazama barabara. Maji yalianguka kwenye mgongo wake, yakateremka pande mbili, yakaingia mitaroni. Mti ulishushwa. Marcelo alisimamisha lori, akanywa chai kwa Milembe, akanung'unika kikombe kizima. Mchana jua likatoka, barabara ikakauka, mti ukainuliwa. Akaondoka kwa gia kubwa na springi zake zote nzima.

Nyanjige hakuwa barabarani. Alikuwa shambani, jembe mkononi, mvua inamchuruzika. Aliona maji mekundu yakija kwenye mfereji, yakagonga mawe, yakapungua kasi. Yakaingia jaruba la kwanza. Likajaa. Akafungua, yakaingia la pili. Miche mipya ikasimama ndani ya maji kama iliyokuwapo siku zote.

Hapakuwa na mkokoteni hata mmoja. Mikokoteni ilikuwa barabarani. Ile njia ya kukwepa ikaota majani, na baadaye hata alama za magurudumu hazikuonekana.

Marcelo alipandisha bei ya mchanga kidogo, kama alivyosema. Eufrasia alilipa, na ukuta wake ukaendelea kupanda. Pamba ilipoanza kununuliwa, malori ya wanunuzi yaliukuta utaratibu uleule, na moramu ikaendelea kuongezeka.

Mwezi wa sita ukafika. Mchana mmoja Mhoja alirudi nyumbani na njaa yake. Alinawa, akaketi kwenye kigoda. Nyanjige akamwekea mbele sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

Mhoja hakuigusa. Aliitazama, akamtazama mkewe.

"Leo ni mboga gani?"

"Funua."

"Niambie kwanza."

"Mhoja, funua. Kinapoa."

Akafunua. Mvuke ukampiga usoni. Ulikuwa wali mpya, mweupe, unanukia nyumba nzima.